Kuandika Kiingereza chenye nguvu: tuzungumzie vielezi, maana "very" imechoka

Kalamu_ya_Mkaa (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Riziki yangu inatoka kwenye uhariri. Naletewa hadithi fupi, barua za kuomba kazi, maelezo ya hoteli za kitalii, ripoti za mechi, vyote kwa Kiingereza na vyote vya watu wetu. Wengi sarufi wanaimudu vizuri tu. Nyakati zipo sawa, tahajia ipo sawa, ila ukisoma unakuta sentensi zimepooza. Mwandishi mwenyewe anaiona hiyo hali, ndiyo maana anaanza kupachika "very" hapa, "so much" pale, "extremely" kule, na bado hakuna kinachoamka.

Ushauri uliojaa mtandaoni ni wa namna mbili. Kuna watu wa orodha: vielezi mia tatu vya kupamba insha yako, unakariri "exuberantly" halafu hujui uiweke wapi. Kuna na watu wa kufuta: kielezi ni ugonjwa, kikate popote unapokiona. Hawa wanapenda kumtaja Stephen King, mtunzi wa riwaya wa Marekani, aliyeandika mwaka 2000 kwamba njia ya kwenda jehanamu imetandazwa vielezi. Wanasahau kwamba humo humo King anakiri kuwa yeye mwenyewe vinamponyoka. Mimi siafiki kambi zote mbili.

Naanzia kwenye "sana". Kwa Kiswahili mtoto analia sana, mvua inanyesha sana, mgonjwa anatokwa jasho sana, mwizi kapigwa sana, mimi nakupenda sana. Neno moja linafanya kazi zote na hakuna anayelalamika. Ukihamia Kiingereza na mazoea hayo, kila penye "sana" unaweka "very much", kumbe wenzetu hizo kazi wamezigawa. Mtoto analia "bitterly", na kama habembelezeki analia "inconsolably". Mvua inanyesha "heavily". Jasho linatoka "profusely", na mtu anayeomba radhi hadi anakera naye anaomba "profusely". Waziri anakanusha "categorically" au "strenuously", akikataa ombi anakataa "flatly". Mtu anaamini jambo "firmly", anajuta "deeply", anaonya "sternly", anafeli "miserably". Ukizibadilishana nafasi, ukaandika kwamba mvua imenyesha "deeply" au mtu ameamini "heavily", sarufi haijavunjika popote lakini msomaji Mwingereza anakunja uso.

Sasa hili lisitutishe, maana sisi wenyewe tunalo. Amelala fofofo. Nyeusi tii. Nyeupe pee. Amelewa chakari. Pamejaa pomoni. Kimya jii. Hakuna aliyetukalisha darasani kutufundisha hayo, lakini akitokea mtu akasema "amelala tii" au "nyeusi chakari", mtaa mzima unamcheka. Viigizi vyetu vimefunga ndoa na maneno yao. Na Kiingereza kina ndoa hizo hizo: "sound asleep", "wide awake", "pitch black", "stark naked", "dead drunk", "bone dry", "soaking wet". Nguvu inakuja pale neno linapomkuta mwenzake anayestahili. Urefu wa neno hausaidii kitu.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: usijifunze kielezi kikiwa peke yake. Kiandike daftarini pamoja na kitenzi chake au kivumishi chake. Oxford wana kamusi maalumu ya maneno yanayoandamana, toleo la kwanza lilitoka 2002, na kwa kazi hii inaishinda mbali kamusi ya visawe.

Waliokwama na sentensi zao wazilete tuzichambue.

Mama_Wawili

Nimeweka kambi. Wangu yuko kidato cha kwanza, kila insha ni "very very". Nikimwambia apunguze ananiuliza aweke nini, nami nabaki kimya jii kama ulivyosema.

Mbishi_wa_Keko

Mleta mada unatutisha bure. Waingereza wenyewe "very" wanaisema kutwa. Nasikiliza uchambuzi wa mpira wa kwao kila wikiendi, ni "very, very good" mwanzo mwisho. Sisi ndio tunataka kuandika kuliko wenye lugha.

Kalamu_ya_Mkaa

Mbishi, sijaipiga marufuku. Huyo mchambuzi unayemsikiliza ana sauti, ana mikono, ana nyusi. Akirudia "very" mara mbili, ile ya pili anaivuta, na wewe unaelewa. Kwenye karatasi hivyo vyote havipo, limebaki neno tupu.

Halafu "very" ina eneo lake. Inakaa vizuri na vivumishi vyenye ngazi: "tired", "cold", "big", "angry". Vile ambavyo tayari vimefika kileleni haviipokei: "exhausted", "freezing", "enormous", "furious". Huko wanakwenda "absolutely", "completely" na wenzao. "Very tired" ni sawa, "absolutely exhausted" ni sawa. "Very exhausted" ni kama kusema marehemu amekufa sana.

Na uchakavu wake una historia. "Very" iliingia kutoka Kifaransa cha zamani ikiwa na maana ya "kweli". Ilipopoteza makali wakaisogeza "really", ambayo nayo chimbuko lake ni ukweli. "Truly", vile vile. Wengine wakakimbilia kwenye maneno ya hofu: "terribly", "awfully", "frightfully". Leo Mwingereza anakwambia chai yako ni "awfully nice" na hakuna hofu hata chembe iliyobaki humo. Kila kizazi kinachukua neno kali, kinalitumia hadi linaisha, kinatafuta jingine.

Wa_Muranga_Mjini

Hiyo ya hofu hata sisi huku Kenya tuko nayo. Mtu anakwambia "nimekumiss vibaya", ama "huyo dem anaimba mbaya", na hapo anamsifu. Na Kiingereza iko hivyo hivyo, "we badly need rain", "I want it badly". Hakuna kitu mbaya imefanyika hapo.

Lakini shida yetu ni kinyume ya yenu. Sisi hatukukosa vielezi, tulimwagiwa. Enzi za KCPE, ule mtihani wetu wa kumaliza shule ya msingi, kabla wa mwisho ufanywe 2023, composition ilikuwa ni kukariri. Unaingia na misemo yako kichwani na lazima yote itoke, hata kama kichwa cha insha ni harusi ama ni moto. Unapata sentensi kama "The scorching sun shone mercilessly, relentlessly and furiously upon our tired heads", na mwalimu anaweka tiki kwa kila neno refu. Sasa ukitoka hapo ukaandikie gazeti, mhariri anafyeka yote na hakwambii ni kwa nini.

Hiyo ya jua wewe ungeifanyaje?

Kalamu_ya_Mkaa

Jua hilo ningeliachia kitenzi. "The sun beat down on us." Kipigo kimo ndani ya "beat down" tayari. Ukitaka kubakiza kielezi kimoja, bakiza "mercilessly", hawa wawili wamezoeana. Vitatu vikipangwa foleni, kila kimoja kinampunguzia mwenzake.

Na hapa ndipo ninapokubaliana kidogo na wale wa kufuta. Kiingereza kina vitenzi vingi sana ambavyo vimeshameza kielezi. "Look angrily" ni "glare". "Speak quietly" ni "whisper" au "murmur", kutegemea kama mtu anaficha au anajisemea. "Eat greedily" ni "devour", na mtaani ni "wolf down". "Walk quickly" inagawanyika: "hurry" ana haraka, "stride" anajiamini, "march" ana hasira au amri. Kiswahili nacho kinajua mambo haya. Nani anasema "alitembea polepole kwa siri" wakati "alinyata" lipo? Nani anasema "alikula haraka kwa pupa" wakati mtu anaweza kubwia, kubugia, kufakamia? Tunapohamia Kiingereza tunaiacha hiyo hazina mlangoni na kuanza upya na "walk", "go", "eat", "say", halafu tunavisaidia vitenzi hivi vinyonge kwa mikongojo ya "-ly".

Ila watu wa kufuta wanakosea wanapodhani kielezi kinakuja kusaidia tu. Kuna kielezi kinachokuja kugombana. Linganisha: "she shouted loudly". Hapo "loudly" haina kazi, hakuna anayepiga kelele kimyakimya. Sasa soma "she smiled coldly", "he cheerfully lied to the police", "they politely robbed us". Kitenzi kinavuta huku, kielezi kinavuta kule, na msomaji anakaa wima kwa sababu picha aliyoitegemea imevunjwa. Kielezi cha namna hiyo nakilinda hata mwenye sentensi akitaka kukitoa.

Kipimo changu nikihariri ni kukifunika kwa kidole. Maana ikibaki ile ile, kinaondoka. Maana ikigeuka, kinakaa.

Dogo_wa_Chuo

Mkuu naomba PDF ya hivi vielezi vyote.

Mbishi_wa_Keko

Hahaha, si ameshasema hapo juu hataki orodha? Mtu anaruka uzi mzima anakuja kuomba PDF.

Ila hiyo "politely robbed us" imenikaa. Vibaka wa kwetu wapo wa hivyo, "samahani broo, simu."

Mtoto_wa_Darajani

Asalaam alaykum jamani. Mimi niko Unguja, naandikia wenye nyumba za wageni Mji Mkongwe matangazo yao. Mambo ya "stunningly beautiful" na "amazingly delicious" ndiyo wanayoyataka wenyewe. Nikiyatoa wananiambia maandishi yamekuwa makavu. Nifanyeje? Pesa wanatoa wao.

Kalamu_ya_Mkaa

Wa alaykum salaam. Wape vielezi, ila wape vyenye habari ndani. Mgeni akisoma "amazingly delicious octopus" hajajua chochote kuhusu pweza, amejua tu kwamba mwandishi anataka kuuza. Akisoma "freshly caught" au "slowly grilled over charcoal" ameshajua lini na vipi, na mate yanamtoka mwenyewe. Hivi vinavyotangulia vivumishi vilivyozaliwa na vitenzi ndivyo vinavyofanya kazi kwenye utalii: "lovingly restored", "richly carved" kwa ile milango ya Mji Mkongwe, "thickly shaded" kwa ua lenye miti. "Stunningly" inamwamrisha msomaji ashangae, na watu hawapendi kuamrishwa.

"Lovingly restored" nayo iangalie, hoteli zote duniani zimeikamata. Kama fundi alipaka chokaa kwa mkono, andika alipaka chokaa kwa mkono.

Mtoto_wa_Darajani

Hiyo "richly carved" naichukua leo leo. Shukran.

Afisa_Meza_ya_Mbele

Nisaidie na watu wa barua za kazi. Nimekaa upande wa kuzipokea na nawaomba vijana walio humu wasome hapa.

"I humbly and kindly wish to passionately apply." Tafadhalini. Mtu anaomba kazi ya uhasibu, passion ya nini? Halafu kwenye wasifu: "successfully managed", "effectively handled", "diligently performed". Kama ulisimamia mradi na ukaisha, "successfully" ya nini? Uliposema "significantly increased sales" niambie ziliongezeka kutoka ngapi kwenda ngapi. Tarakimu moja inanishawishi kuliko kielezi chochote ulichonacho.

Na hii "kindly" yetu. Huku kwetu tunaona ni adabu, tunaitumia pale ambapo kwa Kiswahili tungesema "naomba". Lakini mpelekee Mwingereza "kindly send me the report", yeye anaweza kusikia bosi aliyekasirika, maana kwao "kindly" mara nyingi inakaa kwenye mabango ya kukataza: "kindly refrain from smoking". Nimeshaona barua pepe za watu wastaarabu kabisa zikizua ugomvi na ofisi ya nje kwa sababu ya neno hilo moja. Andika "please" au "could you", yanatosha.

Kalamu_ya_Mkaa

Afisa umemaliza. Naongeza kimoja tu kwa waandishi wa habari: "allegedly" na "reportedly" msiziguse hata kama zinapunguza kasi. Zile kazi yake si msisimko, zinakukinga usimhukumu mtu kabla ya mahakama.

Fundi_Redio

Swali la kijinga labda. Mwalimu wetu alitufundisha kwamba kielezi lazima kiwe na "-ly". Sasa kwa nini ni "work hard" na siyo "work hardly"?

Kalamu_ya_Mkaa

Si la kijinga, ni swali zuri kuliko yote humu mpaka sasa.

Kuna vielezi ambavyo havina mkia. "Hard", "fast", "late", "high", "deep", "low", "tight", "straight". Baadhi yake ukivitia mkia unapata neno jingine kabisa. "He worked hard" ni alijituma. "He hardly worked" ni hakufanya kazi yoyote ya maana. "She came late" alichelewa. "Lately" ni siku hizi. "Near" na "nearly" hivyo hivyo. Kosa la "worked hardly" kwenye barua ya kazi ni la kuumiza, maana umejishtaki mwenyewe kwa maandishi.

Sasa tukirudi kwenye nguvu: hivi vya silabi moja ndivyo vyenye ngumi. "Hit hard." "Dig deep." "Aim high." "Hold tight." Soma kwa sauti usikie vinavyotua. "-ly" ina silabi laini mwishoni, inafifia. Apple walipotoa tangazo lao la "Think different" mwaka 1997, walimu wa sarufi walilalamika kwamba ilipaswa kuwa "differently". Jaribu kuisema kwa "differently" uone inavyoporomoka mwishoni.

Na kuna vidogo zaidi ya hivyo, ambavyo watu hata hawavihesabu kuwa vielezi: "up", "down", "off", "away", "out", "back". Mtu akiondoka kwa hasira ni "storm out". Ukitaka kweli kuamsha aya, vilete hivi mwanzoni mwa sentensi na ugeuze mpangilio. "The rain came down" ni taarifa. "Down came the rain" ni mvua yenyewe. "Off went the lights." "In walked the headmaster." Zingatia lakini: ukitumia jina, kitenzi kinatangulia, ukitumia kiwakilishi, kitenzi kinarudi nyuma. "Down came the rain", ila "down it came". "Off went the children", ila "off they went". Ukiandika "off went they" umerudi karne kadhaa nyuma.

Vya kukanusha navyo vina mchezo huo, ila hivi vinadai kitenzi kisaidizi: "Never have I seen such a crowd." "Not once did he look back." Usivitumie kila aya. Kimoja kwa ukurasa kinatosha, vikizidi unakuwa unahutubia.

Wa_Muranga_Mjini

"In walked the headmaster." Nimeskia viatu kabisa.

Na ile ya kupasua "to"? Mwalimu wetu wa high school alikuwa anakata alama ukiweka kielezi kati ya "to" na kitenzi. Yaani "to boldly go" kwake ni dhambi.

Kalamu_ya_Mkaa

Ile imetoka Star Trek, kipindi cha televisheni cha Marekani kilichoanza 1966. Katazo lenyewe lilipata nguvu karne ya 19. Padri mmoja mkubwa wa Canterbury, Henry Alford, alilalamikia tabia hiyo kwenye kitabu cha 1864. Lakini kufikia 1926 Fowler, ambaye wahariri wa Uingereza walikuwa wanamwapia, alishasema kwamba kuna pahala ambapo kupasua ni bora kuliko kukwepa kwa lazima.

Sikiliza mdundo: "to BOLD-ly GO". Silabi dhaifu, nzito, dhaifu, nzito. Ukiandika "to go boldly" mdundo umekatika, na "boldly to go" imekuwa ya kanisani. Kwa mtihani mtii mwalimu wako. Kwa gazeti na hadithi, pasua pale sikio linapotaka.

Mama_Wawili

Mwanangu amesoma uzi wote huu jana, sasa leo kaandika "the goat ran away utterly". Nimecheka. Ila nimeshindwa kumweleza kwa nini si sahihi.

Kalamu_ya_Mkaa

Mpe hongera, amethubutu.

"Utterly" ina tabia yake. Mwanaisimu Bill Louw, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Zimbabwe, aliandika makala mwaka 1993 akaonyesha kwamba "utterly" karibu kila mara inaandamana na mabaya: "utterly ruined", "utterly useless", "utterly ridiculous". Hakuna kamusi ya zamani iliyokuwa inasema hivyo. Ilionekana baada ya watu kuanza kukusanya maandishi mengi kwenye kompyuta na kuyapekua, kazi ambayo Chuo Kikuu cha Birmingham kiliifanya kwa bidii hadi ikazaa kamusi ya COBUILD mwaka 1987. "Perfectly" yenyewe inapenda mema: "perfectly clear", "perfectly safe". Ndiyo maana mwandishi mjanja akiandika "utterly charming" msomaji anahisi kuna kejeli au mapenzi yaliyopitiliza, hata kama hajui kwa nini.

Na mbuzi wa kijana, "utterly" inataka hali, haitaki mbio. Mbuzi akikimbia aandikiwe "bolted". Imetosha.

Hizo hazina za maandishi zipo wazi kwa mtu yeyote. Ile ya Kiingereza cha Marekani, COCA, ina maneno zaidi ya bilioni moja. Unaandika "rain" ukitafuta kielezi kinachoifuata, inakupangia kwa wingi wa matumizi. Ukiwa na shaka kama maneno mawili yameoana, muulize huyo badala ya kuniuliza mimi.

Wanaoandikia pande zote mbili za bahari wawe macho na "quite". Mmarekani akisema kazi yako ni "quite good" amekusifu. Mwingereza akisema hivyo, mara nyingi anamaanisha si mbaya. Ila "quite impossible" kwa Mwingereza ni haiwezekani kabisa. Mimi huwa naikata tu, inaniepusha na simu.

Kiti_cha_Mzunguko

Nimesubiri hadi mmemaliza nadharia. Nina blogu ya mpira kwa Kiingereza, nawaandikia Wabongo walio nje. Hii ni aya yangu ya dabi ya Kariakoo, nichaneni:

"The stadium was very full and the fans were very noisy. Suddenly our winger ran very quickly past the defender and kicked the ball very strongly. The goalkeeper tried very much but he could not save it. The fans shouted loudly and happily."

Kalamu_ya_Mkaa

Kwanza nijibu: kipa aliugusa au hakuugusa?

Kiti_cha_Mzunguko

Aliugusa kwa ncha za vidole. Ukapita.

Kalamu_ya_Mkaa

Unaona, hiyo ndiyo habari, na "tried very much" imeifukia. Angalia:

"The stadium was packed and the noise never let up. Our winger left his man standing, cut inside and hit it hard and low. The keeper went full length and barely touched it. Up went the whole mzunguko."

"Suddenly" nimeitoa kwa sababu inamtangazia msomaji mshtuko kabla haujafika. Kwa Kiswahili ukisema "ghafla bin vuu" ile "vuu" yenyewe inashtua. "Suddenly" ni ndefu na inachelewesha. Tukio la ghafla liandike ghafla, kwa sentensi fupi. "Barely" nimeibakiza kwa sababu ina tumaini ndani yake, kwa nukta moja msomaji anadhani kipa kaokoa. "Mzunguko" usiitafsiri, wasomaji wako wanakujua ulikokaa.

Mbishi_wa_Keko

Hapo nakubali, ila "left his man standing" si umempendelea? Beki wetu aliteleza.

Kalamu_ya_Mkaa

Kama aliteleza andika "slipped". Ushabiki peleka jukwaa la michezo.

Fundi_Redio

Mkuu, la mwisho. "Hit it hard and low". Nimeshaelewa kwa nini siyo "hardly". Je, "lowly" ingefaa?

Kalamu_ya_Mkaa

Hapana. "Lowly" mara nyingi ni kivumishi, na maana yake ni mnyonge, mtu wa hali ya chini. Ukiandika "he hit it lowly" winga hajapiga chini, amepiga kwa unyenyekevu.

Kiti_cha_Mzunguko

Kumbe ndiyo maana kipa aliugusa.